Kilichozidi kwenye Hesabu: Jiwe la Mjomba na Urithi wa Marie Curie

Siku tuliyoondoa matanga ya mjomba wangu, kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, wazee walikaa chini ya mwembe kugawa vitu vyake, nami nikapewa kazi ya kutoa sebuleni kila kilichotajwa. Redio ilikwenda kwa mtoto wa kwanza, baiskeli kwa mdogo wake, koti la sherehe kwa shemeji aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Jiwe hakulitaja mtu. Lilikuwa juu ya kabati la vyombo, kando ya saa iliyosimama miaka mingi, palepale nilipolikuta nilipokuwa mtoto: ukubwa wa ngumi, jeusi upande wa chini, na upande wa juu limeota sindano za kijani kibichi, nyembamba kuliko unywele, zimesimama kwa mafungu kama nyasi zinazochipua baada ya moto wa kiangazi. Sote tulikuwa tukisema ni malakiti. Katika mji ambao mafundi wake huchonga malakiti kuwa mikufu, tembo na visanduku vya kuuzia wageni, nani angejisumbua kuuliza zaidi?

Mtoto wa binamu yangu, ambaye anasomea jiolojia hapahapa Lubumbashi, alinishika mkono kabla sijalichukua.

"Baba mdogo, acha kwanza. Malakiti haioti hivyo."

Alilimulika kwa tochi ya simu, bila kuligusa, kwa muda mrefu kuliko adabu ya msiba inavyoruhusu. Kisha akaomba kopo tupu la maziwa ya unga, akalitia jiwe humo kwa vijiko viwili, akaenda kunawa mikono, akarudi kunawa tena. Mjane wa mjomba, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa amesimama mlangoni akiona yote.

Kipimo juu ya meza ya chakula

Juma lililofuata kijana alikuja na kihesabio cha mionzi alichoazimwa na mwalimu wake, kijisanduku kinachotoa mlio mdogo kila kinapoguswa na chembe ya mionzi. Tulianza na meza tupu, tukapata milio 26 kwa dakika. Hiyo, alimweleza Mama kwa upole, ni mionzi ya kila siku, itokayo ardhini, kwenye matofali na angani, wala hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Akafungua kopo, akasogeza chombo hadi umbali wa upana wa kucha. Milio ikaacha kuhesabika kwa sikio, ikawa mvua juu ya bati, na kioo kikaandika zaidi ya 5,000 kwa dakika. Tulipokwenda nyuma nusu mita, ikashuka hadi 70 na kitu. Kwenye kiti alichokalia mjomba jioni zote za uzee wake, hatua nne kutoka kabatini, tulihesabu dakika kumi nzima tukapata wastani wa 27, yaani hakuna tofauti ya kusimulia.

Jina la jiwe, alisema kijana, ni kuprosklodowskiti: madini yenye shaba, urani, silika na maji. Alilitamka polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mama hakushughulika na jina.

"Basi ndilo lililomwua?"

Nikajibu papo hapo, "Hapana, Mama. Namba zenyewe umezisikia."

Alitikisa kichwa, akaenda jikoni kuangalia bukari, yaani ugali. Jibu langu lilikuwa zuri, na hata leo sina sababu ya kulikana lote. Lakini nilikuwa nimelitoa kabla ya kulifikiri, mimi ambaye nimefundisha fizikia miaka kumi na saba, na tangu jioni ile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Urithi tunaoufundisha

Ndani ya jina lile refu limo jina la mwanamke. Sklodowska ndilo jina aliloitwa Marie Curie alipozaliwa Warsaw mwaka 1867, na darasani kwangu mwanamke huyo huchukua robo saa. Nawaambia wanafunzi kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, mwaka 1903 katika fizikia, na mtu wa kwanza kupata ya pili, mwaka 1911 katika kemia. Nawasimulia banda lililovuja huko Paris, tani za mabaki ya mgodi alizochemsha na kukoroga kwa fimbo ya chuma, miaka karibu minne ya kazi iliyozaa, mwaka 1902, sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu, chumvi ya elementi yenye mionzi mikali. Nawaambia kwamba yeye na mumewe Pierre hawakutaka hataza ya njia yao ya kuitoa radiamu. Kisha kengele inalia.

Ni hadithi nzuri, nayo imekaa kama maisha ya mtakatifu: umaskini, mateso, nuru gizani, kifo.

Kilichonisumbua ni kwamba hadithi hiyo haikunisaidia hata kidogo kumjibu Mama. Nilijiuliza ni urithi gani huo ambao nimeufundisha muda wote huu na siwezi kuutumia siku moja tu inapohitajika, kwenye meza ya chakula. Kama urithi wa Marie Curie ni radiamu, basi umekwisha kuchakaa, maana siku hizi radiamu karibu haina kazi. Mahali pake pamechukuliwa na vitu salama zaidi na vya bei nafuu zaidi. Kama urithi wake ni mateso, hata mtu asiyejua hesabu anaweza kuteseka.

Nikaenda kuisoma tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1903, ambayo kwa aibu nakiri sikuwahi kuifungua. Nilidhani ningekuta banda na fimbo ya chuma. Nilikuta majedwali.

2.3 na 5.2

Chombo chake kilikuwa hivi. Sahani mbili za chuma zimelazwa moja juu ya nyingine, baina yake sentimita tatu za hewa. Sahani ya chini inamwagiwa unga wa jiwe linalopimwa, kisha inatiwa umeme. Hewa ya kawaida haipitishi umeme, lakini mionzi ikiipasua, mkondo mdogo mno unavuka kutoka sahani hadi sahani, na kadiri jiwe linavyotoa mionzi zaidi ndivyo mkondo unavyokuwa mkubwa. Kazi ngumu ni kuupima mkondo wenyewe, kwa sababu ukiuandika kwa amperi unaanza na nukta, zinafuata sifuri kumi, ndipo namba ya kwanza inapotokea. Hapo Marie alitumia kipande cha fuwele ya kwatzi, ambayo Pierre na kaka yake Jacques waligundua mwaka 1880 kwamba ikivutwa hutoa umeme. Alikuwa akiweka vijiwe vya uzani kwenye kisahani kilichoning'inia kwenye kwatzi, taratibu, jicho moja kwenye doa la mwanga ukutani na jingine kwenye saa, ili umeme wa kwatzi uufute umeme wa jiwe na doa la mwanga lisisogee. Uzani na sekunde, basi. Mama yeyote anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, angeielewa mizani hiyo baada ya dakika mbili.

Alipima kila alichoweza kuazima kwenye makabati ya Paris: metali, chumvi, mawe. Mwanafizikia Mfaransa Becquerel alikuwa amekwisha kuona mwaka 1896 kwamba urani hutoa mionzi. Marie aliona kwamba ukiwa na urani maradufu unapata mionzi maradufu, iwe imechanganywa na nini, iwe imelowa au kavu, ya unga au ya kuyeyushwa. Joto halibadilishi neno, wala mwanga. Akahitimisha kwamba mionzi hiyo haitokani na jinsi atomi zilivyoshikana, bali ni tabia ya atomi yenyewe. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko radiamu yote ya dunia, kwa maana hadi hapo, kwa wengi, atomi ilikuwa kitu kisicho na ndani.

Lakini sentensi hiyo ilileta deni. Kama mionzi inafuata kiasi cha urani, basi hakuna jiwe linaloweza kuizidi urani tupu, kwa kuwa ndani ya jiwe urani imechanganyika na vitu vingine.

Kwenye jedwali lake, urani tupu ina 2.3. Kalkoliti ina 5.2.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu, kwa sababu kalkoliti ni nini? Ni jiwe la kijani la shaba na urani. Kwa rangi na shaba yake, linafanana na lile la kwenye kopo la maziwa.

Wanaogombana na mizani

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye depo ya madini njia ya Kolwezi, mji wa migodi ya shaba na kobalti, anajua kinachotokea hesabu inapokataa. Mchimbaji anafika na magunia yake, akiwa na hakika ya kiwango cha shaba alichokiona kwa jicho. Mnunuzi anaelekeza mashine kwenye jiwe, mashine inasema asilimia ndogo kuliko alivyotarajia, na ugomvi unaanza: mashine imekula. Mara nyingi mchimbaji ana haki ya kushuku, maana anayeshika mashine ndiye anayelipa. Tatizo ni kwamba hana mashine ya pili. Hana njia ya kutenganisha kosa la mizani na ukweli wa jiwe, kwa hiyo anabaki na hasira yake na mnunuzi anabaki na bei yake.

Marie Curie alikuwa na ugomvi uleule, upande wa pili: mizani ilikuwa imempa zaidi. Angeweza kusema chombo kimeharibika. Angeweza pia, na hili ndilo jaribu kubwa zaidi kwa mtu mwenye haraka ya kusifiwa, kutangaza mara moja kwamba amegundua kitu kipya. Alichofanya ni kutengeneza kalkoliti yake mwenyewe. Alichukua vitu safi vya maabara, akafuata njia ya mkemia aliyeitwa Debray, akapata fuwele zenye umbo na mchanganyiko uleule wa jiwe la mgodini, akaziweka kwenye sahani ileile. Zilitoa mionzi mara mbili na nusu chini ya urani tupu, yaani kiasi kilekile ambacho urani iliyomo ilipaswa kutoa.

Mizani, basi, haikuwa na kosa, wala kanuni. Jiwe la mgodini lilikuwa na kitu cha zaidi ambacho hakuna mkemia aliyekiandika kwenye orodha.

Tarehe 12 Aprili 1898 maelezo yake mafupi yalisomwa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, yakisema kwamba mawe hayo huenda yana elementi yenye nguvu kuliko urani. Mwezi Julai yeye na Pierre wakaitaja poloniamu, Desemba radiamu. Banda, tani za mabaki na miaka minne vilikuja baada ya hapo, na vilikuwa kazi ya kuwaridhisha wakemia waliotaka kuiona elementi ndani ya chupa kabla ya kuiamini. Lakini ugunduzi wenyewe, kwa macho yangu, ulikwisha kufanyika siku zile fuwele za bandia zilipotoa namba ndogo.

Leo tunajua kilichozidi ni nini. Urani huvunjika polepole mno na kugeuka elementi baada ya elementi hadi kuishia kuwa risasi, na kila kizazi katika ukoo huo kina mionzi yake. Radiamu ni mmoja wa vitukuu. Katika mwamba wa kale, tani tatu hivi za urani hubeba gramu moja ya radiamu. Fuwele za Debray zilikuwa urani bila ukoo.

Alipokosea

Hapa wanaomsifu Marie Curie huruka ukurasa, nami naona huruka mahali pazuri. Mwaka uleule wa 1898 alijiuliza nguvu ya mionzi hiyo inatoka wapi, akawaza kwamba labda anga lote limejaa mionzi isiyoonekana, na elementi nzito kama urani na thoriamu huinasa na kuitoa tena. Haikuwa hivyo. Nguvu ilitoka ndani. Waliolisema jambo hilo wazi, kwamba atomi moja inageuka nyingine inapotoa mionzi, walikuwa wanasayansi Rutherford na Soddy huko Montreal mwaka 1902, na Marie na Pierre, ambao ndio waliofungua mlango, walisita kwa muda kabla ya kuingia. Waliogopa kusema zaidi ya kipimo. Kwa mara moja, tahadhari iliyowapa radiamu iliwachelewesha.

Na kuna jambo ambalo hakulipima kabisa, nalo ni mwili wake.

Vidole vyake vilikauka na kupasuka. Pierre aliwahi kujifunga radiamu mkononi kwa saa kumi ili aone itakavyomfanya, ikamfanya kidonda cha majuma mengi, naye akakieleza kama anayeeleza mkono wa mtu mwingine. Daftari zao za maabara bado zina mionzi, kwa kuwa radiamu huhitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu. Mwanamke aliyeweza kupima mkondo wenye sifuri kumi alikubali kwa shida kwamba uchovu wake una sababu ndani ya chupa. Kila ninapofika hapa namwona mjomba, aliyekohoa miaka ishirini na kuita kikohozi chake "baridi ya Likasi", mji wa migodi alikowahi kuishi.

Jina la kwao

Habari za Shinkolobwe, mgodi wa urani ulio karibu na Likasi, za meli zilizoipeleka urani hiyo Marekani mwaka 1940 na za bomu la Hiroshima, kila mtoto wa Katanga, eneo letu hili, amezisikia, na sitazirudia. Nataka kusema kilichotangulia. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915, na kwa miaka mingi walichokitafuta wakubwa wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ndani yake ilikuwa radiamu, si urani. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 ili kumnunulia Marie Curie gramu moja tu. Mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, kikaanza kutoa radiamu kutoka mawe ya Katanga, yaliyokuwa tajiri kiasi kwamba bei ikaanguka hadi karibu dola 70,000 na watengenezaji wa Marekani wakafunga. Urani ilikuwa makapi.

Mawe yenyewe yalipelekwa kwa profesa mmoja wa Ubelgiji, Alfred Schoep, ambaye alikuta ndani yake madini yasiyo na jina, akaanza kuyabatiza. Mwaka 1921 alitoa kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie. Mwaka 1924 akatoa sklodowskiti, kwa heshima ya Marie. Mume na mke, kila mmoja na jiwe lake, kutoka shimo moja karibu na Likasi ambalo hawakuwahi kulikanyaga. Lile la mjomba, lenye shaba, ni ndugu ya hilo la Marie. (Wasomaji wangu wa Tanzania wasidhani wameachwa: rutherfordini, madini ya urani yenye jina la Rutherford, yalielezwa mwaka 1906 kutoka milima ya Uluguru, Morogoro.)

Nilipoisoma orodha hiyo kwanza nilikasirika. Udongo ni wetu, mikono iliyochimba ni yetu, majina ni ya Paris. Katika mawe hayo niliona moja tu linalotaja mahali, kasoliti, kutokana na Kasolo, jina jingine la mgodi huohuo. Wachimbaji hawamo. Hasira hiyo sijaitupa, na sioni kwa nini niitupe.

Lakini kitu kingine kilikuja kukaa kando yake. Marie alizaliwa katika nchi iliyokuwa imefutwa kwenye ramani. Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na Poland yote ilikuwa imegawanywa na majirani tangu mwaka 1795. Alipopata elementi yake ya kwanza, akaiita poloniamu, kwa jina la nchi isiyokuwepo. Alijua vizuri kabisa kazi ya jina. Kwetu hapa mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto, na yeye, kwa jina la binti yake wa kwanza, angeitwa Mama Irène, lakini jina la baba yake halipotei, hubaki kwenye karatasi na midomoni mwa ndugu zake. Ufaransa ilimfanya kuwa Madame Curie na dunia ikafuata. Jina la kwao, lile la Warsaw, limebaki kwenye kamusi za madini kwa sababu ya jiwe la manjano la Katanga. Sijui nilichukulie hili kama wizi au kama ukarimu. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine vile.

Swali la Mama, mara ya pili

Nilirudi Katuba Jumapili moja ya Juni, ile baridi ya asubuhi ambayo wageni hawaamini kwamba ipo Kongo. Mama alikuwa akiota jua ukutani, amejifunika vitenge viwili. Nikamwambia kwamba nilimjibu haraka mno.

"Nilijua," alisema. "Ulijibu kama daktari anayetaka kwenda nyumbani."

Nikamsimulia habari ya kaburi. Marie Curie alikufa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu mpya, na kila mtu alisema ni radiamu. Mwaka 1995 Ufaransa iliamua kumhamishia Panthéon, jengo la Paris wanakozikwa watu wakuu wa taifa, na wataalamu wa kinga ya mionzi wakaitwa kusimamia ufunguzi wa kaburi. Walikuta jeneza la mbao ndani ya jeneza la risasi ndani ya jeneza la mbao. Walipima. Radiamu iliyokuwemo ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia, wakasema haielekei kwamba ndiyo iliyomwua. Walielekeza kidole zaidi kwenye miaka ya Vita vya Kwanza, alipozunguka na magari ya eksirei kupiga picha za askari waliojeruhiwa, bila kinga ya maana. Miaka 61 dunia ilikuwa imelishitaki jiwe, na kipimo kikasema tazameni pia kwenye mashine.

Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi wangu hajawahi kuniuliza: kama mionzi inaua, mbona ndugu yake alisafirishwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa hadi Lusaka kutibiwa kwa mionzi hiyohiyo, na mwaka wa nne huu bado anauza samaki?

Nikamwambia kwamba kule Lusaka walihesabu. Ngapi, mahali gani, siku ngapi, na kupumzika lini. Nikamwambia pia jambo ambalo nilidhani litamfurahisha: mwaka 1934, miezi michache kabla Marie hajafa, binti yake Irène na mkwewe Frédéric walionyesha kwamba mtu anaweza kuifanya elementi ya kawaida kuwa na mionzi, na kwamba mashine nyingi za tiba, hasa za miaka iliyopita, zilijazwa kobalti iliyopigwa kwa nyutroni ikageuka kobalti-60. Kobalti, Mama. Ile ya Kolwezi.

"Kwa hiyo mume wangu?"

Nikampa jibu langu la pili, ambalo lilikuwa refu kuliko la kwanza na halikumpa raha kama la kwanza. Jiwe la kabatini, kutoka kiti alichokalia, halikuongeza kitu tulichoweza kukihesabu. Hilo nasimama nalo. Kama alilishika mara kwa mara, au alilisugua kwa kitambaa akavuta vumbi lake, hiyo ni hesabu nyingine. Miaka yake kumi na tisa chini ya ardhi, katika vumbi la mawe yasiyojulikana, hiyo ni hesabu ya tatu na kubwa zaidi, na hakuna aliyeweka chombo chochote mbele ya kifua chake alipokuwa hai. Kilichomwangusha bafuni ni kiharusi. Kikohozi ndicho kilichozidi kwenye hesabu yake, na sisi sote, mimi mwalimu wa fizikia nikiwa wa kwanza, tuliacha kizidi.

Alikaa kimya mpaka jua likafika miguuni pake.

"Alikuwa akilisugua," alisema. "Kila Jumamosi. Kwa shati lake la zamani."

Kadi

Jiwe sasa limo ndani ya kabati la mawe ya kufundishia, kwenye kisanduku cha chuma, chumba ambacho hakilali mtu. Kabla ya kulipokea walitaka kadi ijazwe. Kadi ina mistari minne: jina la madini, uzito, mahali lilipotoka, aliyeliokota.

Mstari wa kwanza na wa pili havikuchukua hata dakika. Wa tatu ulituchukua Jumapili mbili. Kijana alisema jiwe lisilo na mahali, kwa mwanajiolojia, limepoteza nusu ya thamani, kwa hiyo tukamwuliza Mama kila tulichoweza. Alikumbuka kwamba mjomba alilileta ndani ya bakuli lake la chakula cha kazini, limefungwa kwa gazeti, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pili. Mwaka huo waliishi Likasi, lakini kazi ilikuwa ikimpeleka Kolwezi kwa majuma mazima. Likasi kuna Shinkolobwe. Kolwezi kuna mgodi wa Musonoi, ambako sindano za namna ile zinajulikana sana.

"Tuandike Musonoi," alisema kijana. "Mazuri hutoka huko, na hakuna atakayeuliza."

Nikamkatalia, naye akakunja uso, kisha akaandika "Katanga" na alama ya kuuliza pembeni. Chini yake, kwa hiari yake, akaongeza hesabu ya ile siku ya meza ya chakula, pamoja na umbali na ile 26 ya meza tupu.

Kwenye mstari wa nne alitaka kuandika jina la ukoo tu, kama walivyofanya kwenye kadi nyingine. Mama akasema hapana. Alitaka majina yote matatu, akavuta kiti karibu, akaanza kumtajia herufi moja moja.